Sugu ya Ngazi

Wifi yangu ni fundi umeme. Nasema mapema ili usije ukadhani fundi ni mume wake. Mume wake ni kaka yangu, mwalimu wa hesabu, mtu ambaye balbu ikiungua nyumbani hukaa gizani akingoja mkewe arudi kazini. Tulimcheka kwa hilo tangu wakiwa wachumba, na yeye mwenyewe hucheka, maana ndoa yao ndivyo ilivyo: mmoja anahesabu, mwingine anapanda.

Mimi ndiye niliyewakutanisha. Nashona na kutundika mapazia, kwa hiyo huingia kwenye nyumba mpya wakati rangi bado mbichi na mafundi wengine hawajaondoka. Siku hiyo nilikuwa nimesimama katikati ya sebule tupu, tepu shingoni, nikaona ngazi ya alumini inaingia mlangoni, na chini yake mwanamke mfupi mwenye mkanda wa vifaa kiunoni. Hakunisalimu. Alitazama dari kwanza, akakunja uso, akaniambia kwamba bomba langu la pazia litapita palepale alipopitisha waya, na nikitoboa hapo mimi nitakufa na yeye atapata kesi. Nikamjibu vibaya. Hasira zangu ziko karibu, sikatai. Tuligombana mpaka mwenye nyumba akatoka nje, kisha tukasogeza bomba upana wa kiganja, na mchana tukala pamoja tumekalia maboksi ya vigae. Tangu siku hiyo ananiita Fyuzi, kwa madai kwamba naungua kabla mzigo haujafika. Nami nikamwambia nina kaka.

Ana tabia moja ya kazi ambayo nitaitaja sasa kwa sababu tutaihitaji. Kabla hajagusa waya wowote anaoambiwa umezimwa, hutoa testa, bisibisi yake yenye taa ndogo ya kupimia, na kuigusisha kwanza mahali anapojua pana umeme, aone kama itawaka. Ndipo anaigusisha kwenye waya wa kazi. Ikinyamaza, bado hashiki. Anairudisha pale pa mwanzo, iwake tena. Nilipomuuliza kwangu jikoni kwa nini anajisumbua hivyo, alisema fundi aliyemfundisha aliamini testa iliyokuwa imekufa. Yule fundi yuko hai, lakini vidole vyake viwili havijawahi kunyooka tena.

Jambo jingine la kujua ni bega. Fundi wa umeme wa majumbani hana gari, ana ngazi, na ngazi hukaa bega la kulia, mkono ukiwa umepita kati ya vipandio. Baada ya miaka, ngozi ya pale hukomaa na kuinuka kidogo. Wenyewe huiita sugu ya ngazi, na wanaionea fahari kuliko vyeti vyao. Asubuhi hukaa mbele ya duka la vifaa vya umeme wakingoja kuitwa kazini, na katika maongezi yao hushikana mabega. Asiye na sugu huagizwa chai. Mwenye nayo huambiwa ana cheo.

Wifi alikuwa mwanamke peke yake pale. Alipoanza walimwambia kwa mzaha, mzaha wenye mwiba ndani yake, kwamba bega la mwanamke halishiki sugu. Atabeba mpaka azeeke na litabaki laini. Kwa hiyo alipohisi kitu kigumu nyuma ya bega, palepale ngazi inapokaa, alifurahi. Naomba uelewe hapo vizuri: alifurahi. Alikwenda dukani, akavuta kola ya ovaroli, akawaambia washike. Wakashika mmoja mmoja. Mkubwa wao, mzee wanayemwita Transfoma kwa sababu hunguruma hata akiwa amekaa tu, alitikisa kichwa akasema haya basi, mama amepanda cheo. Wakamnunulia soda.

Kile kitu kikaendelea kukua, na hakuna aliyeshtuka, kwa sababu mwaka ule kazi zilikuwa nyingi. Kikawa na rangi ya zambarau iliyofifia, kama pale mtu alipobanwa na mlango. Hakikuuma. Kilimkera tu akibeba, basi nikamshonea kimto kwa mabaki ya pazia la kijani akivae chini ya ovaroli. Nilikishona vizuri, mshono wa mara mbili. Sikujua, na siombi radhi kwa kutojua.

Mara ya kwanza kilikatwa kwenye kliniki ndogo, wakasema ni uvimbe wa mafuta, wakashona kidonda, kilichotolewa kikatupwa. Kikarudi, tena kipana zaidi. Mara ya pili alikatwa kwenye kliniki nyingine, na huko angalau walihifadhi kipande kwenye kopo lenye dawa, wakakiweka kabatini, kikakaa. Kiliporudi tena kilikuwa na vinundu vitatu juu ya kimoja, na siku moja nikimsaidia kuvaa nikaona shati halifungi begani. Nilimwambia kwamba kesho tunakwenda hospitali kubwa hata kama nitambeba juu ya ngazi yake mwenyewe. Sugu, nilimwambia, haimrudii mtu aliyepumzika.

Chumba cha daktari kilikuwa na meza yenye kioo kilichopasuka pembeni na feni ya darini iliyokuwa ikiyumba. Wifi alikaa chini ya feni ile akaitazama kama mama anavyomtazama mtoto wa jirani aliyepanda ukutani. Daktari wa upasuaji alikuwa mtu mrefu, mpole, ambaye hunawa mikono kabla ya kusema jambo baya. Akanawa. Alisema hii ni saratani ya tishu laini, yaani ya vile vitu vinavyoujaza mwili kati ya mfupa na ngozi: misuli, mafuta, nyuzi za kushikilia. Alisema aina anayoishuku kwa kawaida haipendi kusafiri mwilini, ila ina mizizi, na ikikatwa bila kuifuata mizizi hurudi, na kila inaporudi inakuwa jeuri zaidi. Mizizi ya uvimbe huu sasa ilikuwa imeshika msuli unaoinua mkono. Ili aumalize lazima auchukue msuli.

"Mkono utakuwepo," alisema. "Utashika kalamu, utashika kijiko. Lakini hautainuka kupita kifua."

"Kwa hiyo dari basi," wifi akasema.

"Dari basi, mama."

Kaka alishusha pumzi. Yeye alikuwa amesikia neno moja tu, kwamba mkewe ataishi. Mimi nilimwona wifi akiinua macho tena kwenye ile feni, nikajua kwamba yeye amesikia jingine. Miaka yote nimemjua, sijawahi kumwona akitafuta kazi nyingine. Kazi yake iko juu ya kichwa chake, na anaifikia kwa mkono wa kulia.

Daktari wa upasuaji hakuishia hapo, na kwa hilo namheshimu. Alisema kabla ya kisu angependa tumwone mwenzake, daktari wa saratani. Huyu alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba, na ofisi yake ilikuwa ndogo mpaka kaka akasimama mlangoni. Alituchorea. Kila seli, alisema, ina maelekezo yake, yaani jeni, yaliyopangwa kwenye nyuzi ndefu zinazoitwa kromosomu. Katika ugonjwa huu nyuzi mbili hukatika na kuungana vibaya, kipande cha huu kikashika mkia wa ule. Jeni moja kati ya hizo kazi yake ni kutengeneza kolajeni, ile nyenzo ngumu inayoipa ngozi uimara wake, na katika seli za ngozi haina likizo. Iko kazini muda wote. Nyingine hutoa amri ya kukua, na hiyo huwashwa kwa nadra, tuseme kidonda kinapotaka kufunga. Zikiungana, amri ya kukua hutolewa mfululizo na hakuna wa kuinyamazisha.

Mimi nilikuwa nimeshapotea kwenye kromosomu. Kaka alikuwa anaandika. Wifi aliutazama ule mchoro kwa muda, akauzungusha upande wake.

"Kumbe mtu amechukua taa ya swichi akaiunga kwenye laini ya friji," alisema. "Ndiyo maana haizimiki."

Daktari aliweka kalamu chini akacheka. Akaomba ruhusa ya kuwaambia hivyo wagonjwa wengine, na wifi akamwambia ni bure, mradi wamtume mtu akaikaze ile feni ya kule.

Halafu akatueleza habari ya dawa. Ile amri ya kukua hupokelewa kwenye ukuta wa seli, mahali panapofanana na soketi. Kuna vidonge vinavyoingia nyuma ya soketi hiyo na kuiziba, amri ikija ikose pa kuchomeka. Haviupigi mwili mzima kama zile dawa za mishipani zinazonyonyoa nywele, vinalenga pale penye kosa. Kwa karibu nusu ya watu uvimbe husinyaa, na ukisinyaa daktari wa upasuaji huweza kukata kidogo na kuuacha msuli. Nusu, alirudia, asitudanganye. Lakini vidonge hivyo ni vya mwenye ule muungano mbovu. Asiye nao atameza miezi mitupu huku ugonjwa ukitembea. Kwa hiyo lazima kwanza wapime, waone kama muungano upo.

Kile kipande kilichokaa kabatini kwenye kliniki ya pili ndicho kilichotumwa maabara. Kaka alikwenda kukichukua mwenyewe, akalipakata kopo mapajani kama keki ya harusi. Wakati tunangoja, daktari wa upasuaji alimpangia wifi nafasi ya ile operesheni kubwa, maana nafasi zake ni za kugombaniwa. Alisema majibu yakija vizuri ataifuta. Yakija vibaya atakuwa hajapoteza muda.

Yalikuja siku chache kabla ya operesheni. Tuliitwa wote watatu kwenye ile ofisi ndogo.

"Hakuna kilichoonekana," daktari wa saratani alisema.

Kaka alifunga daftari lake. Kwake hesabu ilikuwa imekwisha. Hakuna muungano, hakuna vidonge, kilichobaki ni kisu. Akasema tumshukuru Mungu kwamba nafasi ipo, akaanza kuuliza mgonjwa aje na nini. Daktari alimwinulia kiganja. Alisema hajasema muungano haupo; amesema hakuna kilichoonekana. Kipimo chenyewe hufanywa kwa kupaka rangi zinazong'aa kwenye zile jeni, halafu wanahesabu vidoa kwenye hadubini. Katika kila kipande huwa kuna seli nzima kando ya zile mbovu, na seli nzima lazima zionyeshe vidoa vyao, zikae kama mashahidi. Hapa hata zile nzima hazikuonyesha chochote. Kipande kilikaa kwenye dawa muda mrefu mno, zile jeni zikameguka. Kipimo kilishindwa kufanya kazi.

Akaeleza njia zilizokuwepo. Tungeweza kubaki na operesheni kama ilivyopangwa. Ama wamkate kinyama kipya, kipande kidogo tu cha uvimbe, wakiwekee dawa mpya, wakipeleke moja kwa moja, na sisi tungoje tena. Nafasi ya operesheni ingepotea. Na huenda majibu mapya yakasema kweli muungano haupo.

"Na tukiwa tunangoja?" kaka akauliza.

"Unaweza kusogea. Ukifika kwenye kiungo cha bega, hatutazungumza tena habari ya msuli. Tutazungumza habari ya mkono wote."

Pale ndani palikuwa na joto na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kujipepea. Kaka aliinama, akamshika mkewe kiwiko cha mkono, ule wa kulia.

"Mke wangu, mkono si kitu. Mimi nakutaka wewe."

"Najua unanitaka," wifi akasema. "Na ungeambiwa hutafundisha hesabu tena maisha yako yote, ungejua mimi naogopa nini." Kisha akanigeukia mimi, nisiyetarajia. "Fyuzi. Mwambie kaka yako, kabla ya kushika waya tunafanyaje?"

Nilitamani ardhi inimeze. Moyoni nilikuwa upande wa kaka, kabisa. Nilikuwa nimeshamwona wifi kwenye jeneza na nilitaka akatwe leo. Lakini swali lilikuwa na jibu moja, na nilikuwa nimelisikia jikoni kwangu.

"Unaipima testa kwanza kwenye waya unaojua una umeme," nikasema. "Halafu unapima ule wa kazi. Halafu unarudi kwenye ule wa kwanza."

"Na ikinyamaza kote?"

"Hujapima kitu."

"Hamjapima kitu," wifi akamwambia daktari, na daktari akasema ndivyo, na ndicho alichokuwa akijaribu kutuambia. "Basi kanikateni kinyama kipya. Nikiambiwa muungano haupo na shahidi yuko kazini, nitalala mezani mwenyewe na sitamsumbua mtu. Lakini sikubali kukosa mkono kwa sababu ya testa iliyokufa."

Kaka alitoka nje. Nilimkuta kwenye ukumbi amesimama mbele ya bango la kunawa mikono, analisoma. Nilimwambia kwamba ana haki ya kukasirika, na kwamba akimnunia mkewe hata siku moja nitakuja kukaa kwao na cherehani yangu. Hakucheka. Lakini aliingia tena, akatia sahihi pale palipohitaji sahihi yake, na wifi akatia yake kwa mkono wa kulia, polepole, kila herufi mahali pake.

Daktari wa upasuaji hakununa. Alikata kile kinyama yeye mwenyewe, kwa ganzi, na mhudumu wa maabara akasimama pale pale akikisubiri.

Kungoja kule sitaki kukusimulia sana. Alikatazwa kubeba ngazi, akaacha kubeba, lakini kazini alikwenda. Aligeuza ndoo, akakaa juu yake katikati ya chumba, akawaelekeza wenzake kwa kidole. Transfoma alipanda ngazi kwa niaba yake, mzee mzima, akipumua kama pampu na akitukanwa kwa kila kiungio cha waya. Ilikuwa ni hapo, juu ya ndoo, alipowaambia kwamba sugu yake haikuwa sugu. Transfoma alishuka. Alikuwa ndiye aliyempandisha cheo, na nilimwona anatafuta pa kuweka mikono. Wifi hakumlaumu. Aliwaambia wote wavue mashati, hapohapo, mbele yangu mimi mke wa watu, nikageukia ukutani. Akawakagua mabega kama anavyokagua maboksi ya swichi. Sugu ni pana na bapa, aliwaambia, na ukiiacha ngazi wiki kadhaa inalainika. Kitu kinachoota juu kama kitufe, chenye rangi, kinachokua hata ukiwa umelala, hicho si cheo. Hakupata kibaya kwa yeyote, lakini tangu siku hiyo hakuna anayeagizwa chai kwa kukosa sugu pale dukani.

Majibu ya pili yalikuja. Daktari alituonyesha picha: duara jeusi lenye vidoa vyekundu na vya kijani, vimetengana kwenye seli nzima kama ipasavyo, na kwenye zile mbovu viwili vimegandana mpaka vinaonekana vya njano. Seli nzima zilikuwa zimeshuhudia. Muungano ulikuwepo. Wifi alilia pale, kwa sauti, mtu ambaye sikuwahi kumwona akilia hata alipopigwa na umeme. Kaka naye alilia. Mimi nilibaki nimeshika mikoba ya watu wote.

Vidonge vinaitwa imatinib. Alivimeza kila siku na chakula na maji mengi, kama alivyoelekezwa, na usidhani ni peremende. Kope zilimvimba mpaka asubuhi alionekana kama aliyekesha msibani. Misuli ya miguu ilimkaza akiwa amekaa. Kichefuchefu kilimfanya auchukie mchuzi wangu, na mchuzi wangu haujawahi kuchukiwa. Kuna wiki alichoka kiasi cha kumwacha kaka abadilishe balbu, na kaka akaweza, na hatujasikia mwisho wa habari hiyo mpaka leo.

Lakini uvimbe haukusogea. Haukukua, haukupungua. Nafahamu kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikiupima, kwa namna ninayoijua: nilimwekea karatasi nyembamba ya kukatia nguo begani, nikachora ukingo wake kwa penseli, nikakata. Nilifanya hivyo kila alipokwenda kliniki. Karatasi ya pili niliilaza juu ya ya kwanza, zikalingana kama mikono miwili ya shati moja. Kaka aliziona mezani. Niliogopa sana siku hiyo. Nusu ya watu, daktari alikuwa amesema, na nusu nyingine nayo ina watu ndani yake.

Wifi alizichukua zile karatasi akazitazama, akaniuliza kama mkasi wangu unakata sawasawa. Nikamwambia mkasi wangu unakata kuliko maneno yake. Akasema basi, tuendelee.

Ya tatu niliilaza juu ya ya pili, nikaona utepe mwembamba wa ile ya chini umejitokeza upande mmoja. Nilidhani nimekosea. Nikapima upya. Ya nne, utepe ulizunguka pande zote. Kufikia ya sita, vinundu vilikuwa vimelala, ile rangi ya zambarau imegeuka kahawia, na kwenye picha za hospitali mizizi ilikuwa imejitoa kwenye msuli isipokuwa pembe ndogo. Daktari wa upasuaji alizitazama picha zake, kisha akaomba kuona na karatasi zangu. Akanawa mikono. Safari hii alikuwa amesahau kwamba habari ni nzuri.

Alituambia atakata kwa upana unaostahili, na kwamba anatumaini kuuacha msuli, ila hataahidi mpaka afungue. Wifi alimwambia asimwahidi, akate tu.

Operesheni ilichukua asubuhi nzima. Kilichotolewa kilipelekwa maabara, na siku zilizofuata tukaambiwa kingo zake zote ni safi. Msuli ulikuwa umebaki, isipokuwa kipande kidogo cha nyuma. Lakini msuli kuwepo si msuli kufanya kazi; mishipa ya fahamu hupita mulemule, na hakuna aliyejua mpaka bandeji kubwa itoke na yeye ajaribu.

Siku hiyo tulikuwa wodini, kaka upande huu wa kitanda, mimi upande ule. Transfoma alikuja pia, amevaa shati lililopigwa pasi, akasimama miguuni. Wifi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, miguu haifiki chini. Daktari wa upasuaji alirudi nyuma hatua moja.

"Haya, mama. Inua mkono."

Akainua wa kushoto. Ukapanda wima mpaka juu, vidole vimenyooka kuelekea dari.

Daktari alidhani hajaelewa. Akamwambia kwa upole kwamba anataka ule mwingine, ule wa kulia.

"Nimekusikia, daktari," wifi akasema, mkono wa kushoto bado uko juu. "Kwanza huu ninaoujua."

Transfoma akatoa sauti fulani kooni. Kaka alikuwa ameshika chuma cha kitanda. Wifi akashusha wa kushoto, akauweka pajani. Kisha wa kulia ukaanza kupanda. Ulipanda polepole na ulitetemeka, ukafika kifuani, pale tulipoambiwa zamani kwamba ndio mwisho, ukasita pale. Ukaendelea. Ukapita bega, ukapita sikio, haukunyooka sawasawa na kwa kweli haujanyooka sawasawa mpaka leo, lakini ulikuwa juu ya kichwa chake na vidole vilikuwa vinachezacheza kama vinatafuta skrubu.

Akaushusha. Halafu, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa, akainua tena ule wa kushoto.